Macho Yanayolala Mchana

Niliitwa mvivu kwa miaka minne kabla ya kuitwa mgonjwa. Naandika haya saa nne asubuhi, nikiwa na nguvu za kushika kalamu, kwa sababu ikifika alasiri mwandiko wangu huanza kutambaa kama mdudu aliyetoka kwenye unga. Kama huko kwenu kuna mtu ambaye kope zinamshuka jua likipanda, anayeanza kuongea vizuri kisha sauti inamtokea puani, msomee haya. Na baadaye wasomee wale wanaomcheka.

Nimeolewa mlimani, juu ya soko la Mbumbuni. Kwetu shamba bila matuta si shamba, ni mteremko tu. Wakati huo, miaka ya sabini, matuta tulichimba sisi wanawake kwa mwethya. Leo kikundi kizima kinachimba kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu ikurudie. Kiongozi anapuliza filimbi mapema na kila mwanamke anatoka na jembe lake. Kiongozi wetu alikuwa Syombua, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi, mwimbaji hodari kanisani. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa kuwa nitamsema sana.

Matuta yetu yanaitwa fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu wa mlima. Ni kazi ya mabega. Mabega yangu yalikuwa mazuri tu mpaka mwaka nilipomwachisha mtoto wangu wa pili kunyonya. Kiangazi hicho, kabla ya mvua ya Novemba, niliinua jembe likabaki hewani, halafu likashuka lenyewe. Niliona aibu, nikajifanya natoa mwiba mguuni. Nikapumzika kidogo, nguvu zikarudi. Nikachimba mara kumi, zikaisha tena.

Ugonjwa huu una hila. Ukilala, ukipumzika, unakuachia. Ukianza kazi unakukamata. Siku ya zamu yangu, nilikuwa nimelala siku nzima iliyotangulia kwa sababu sikuweza hata kuinua sufuria. Filimbi ilipolia nilikuwa mzima, na shamba lilikuwa mlangoni kwangu. Nilichimba mpaka wenzangu wakanisifu. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mwenzetu Ndunge, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeteka maji kwanza, mkanda wa mtungi kichwani, shingo ikiwaka moto, kisha nikavuka na kupanda mlima. Ilipofika saa tano nilikuwa nimekaa chini, macho yamejifunga.

Jioni wakaniita mbele ya kikundi.

"Mama Mwende," Syombua akaanza, "kwako ulichimba mpaka mwisho wa laini. Kwa Ndunge umekaa chini saa tano. Sasa sisi tufikirie nini?"

"Nimechoka. Mikono imekataa."

"Imekataa kwa Ndunge peke yake?"

Wakacheka. Kwetu ukitaniwa unacheka pia, la sivyo unaonekana una kiburi. Nikajaribu kucheka. Sikujua wakati huo kwamba misuli ya uso wangu nayo ilikuwa imeanza kuchoka, kwamba nikicheka midomo haipandi, inavutika tu nikaonekana kama mbwa anayekenua meno.

"Ona," mwingine akasema, "bado anatukunjia pua."

Kuanzia hapo kila kitu changu kilisomwa vibaya. Nilikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, polepole, nikishikilia taya kwa mkono ili lisianguke, wakasema nadharau chakula cha wenzangu. Uji ulinitokea puani, wakasema najitia nina mimba. Kanisani nilikuwa naimba ubeti wa kwanza, wa pili ukawa sauti ya mtu mwenye mafua, nikanyamaza, wakasema nimeacha wokovu. Niliona watu wawili wawili: mchungaji wawili, mama mkwe wawili. Mmoja alinitosha kabisa.

Mama mkwe wangu nilimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Alikuwa mjane aliyechimba matuta yake mwenyewe akiwa na mimba, na hilo alinikumbusha kila siku. Mume wangu Kioko alifanya kazi Nairobi, kiwanda cha blanketi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alifika asubuhi akanikuta nimelala usiku mzima, nina nguvu, natabasamu vizuri. Mwaitu alikuwa ameshamweleza mengine njiani.

"Mbona nakuona uko sawa?" Kioko aliniuliza.

"Ngoja jioni utaona."

Lakini jioni alikuwa sokoni na wenzake.

Nilikwenda hospitali mara nne. Hapa sikiliza, kwa sababu ndipo mimi nilipopoteza miaka yangu. Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo nilifika jioni, nikalala kwenye benchi la kusubiri pamoja na wanawake wenye watoto wa kukohoa. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, na niliona fahari kuwa wa kwanza. Daktari akaniambia, "Bana vidole vyangu." Nikavibana mpaka akavuta mkono. "Mama, huna kitu. Punguza mawazo." Nikapewa vidonge vya kichwa. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Mara nne nilijipeleka kwa daktari nikiwa nimepumzika, saa pekee ambayo ugonjwa wangu hauonekani. Kama ningechelewa, kama ningekuwa mtu wa mwisho kwenye mstari nikiwa nimesimama juani mchana kutwa, pengine wangeniona. Uchapakazi wangu ndio ulionificha.

Mwethya inaonya mara tatu. Baada ya hapo wanakuja kwako kuchukua kitu, na mara nyingi huchukua sufuria au kuku. Kwangu walichukua jembe. Walikuja wakiimba, Syombua mbele na filimbi yake, nami nimekaa mlangoni sina nguvu ya kusimama, na wao wakaona nimekataa kusimama. Wimbo walikuwa wameutunga njiani. Kwa Kikamba ulikuwa mtamu, lazima niseme, maana Syombua alijua kutunga. Kwa Kiswahili ni hivi:

Macho yanalala mchana,
mkono unaamka kwake tu.

Walinitoa kwenye kikundi. Tuta langu la chini lilibaki nusu, na mvua ya Novemba ilipokuja, na mwaka huo ilikuja kwa hasira, ilipita palepale palipokuwa wazi. Ikachukua mbegu, ikachukua udongo, ikaacha mawe. Nilitazama kutoka dirishani nikiwa nimeshikilia kope kwa kidole. Msimu huo tulikula cha kupewa, na Mwaitu alinipa huku akihesabu vijiko kwa macho.

Siku moja binti yangu Mwende, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa anaosha vyombo nje. Anaimba. Nikasikiliza kwa furaha kwanza, kwa sababu ana sauti nzuri, kisha nikayasikia maneno. Hakujua ni mimi ninayeimbwa. Alikuwa ameusikia kwa watoto wenzake, akaupenda. Nilimwita ndani nikataka kumkataza, ulimi ukawa mzito, akadhani nalala, akatoka kwa kunyata ili asiniamshe. Sijawahi kulia kama siku ile, na hata kulia kwenyewe uso haukunisaidia.

Kioko akasema niende kwetu Zombe nipumzike. Sote wawili tulijua maana yake. Watoto walibaki na bibi yao.

Kwetu Zombe mama yangu hakuniuliza maswali. Alisaga chakula changu, akanifunga kichwa na leso kwenye kiti ili shingo isianguke. Mvua za Machi zilipoleta mbu nikashikwa na homa, na kwenye zahanati wakanidunga sindano za kwinini za malaria. Sikujua, na wao hawakujua, kwamba dawa hiyo ni adui wa ugonjwa nilionao. Baada ya sindano ya pili sikuweza kumeza mate. Pumzi ikawa fupi, ikiishia kooni. Ukiwa na ugonjwa huu, kabla hujadungwa chochote, sema. Ukishindwa kusema, mwenzako aseme.

Kaka yangu Mutinda alikuwa na duka la nyama Mwingi. Alikuja na gari la kuazima akanibeba mpaka Mwingi, na pale barabara ya Garissa akasimamisha lori la ng'ombe la Mzee Hassan, mteja wake, lililokuwa linakwenda Nairobi. Mzee Hassan alinitazama mara moja tu. Akamshusha utingo akapande nyuma na ng'ombe, nikawekwa mbele kati yake na mkewe, Halima. Mutinda naye akapanda nyuma.

Kichwa changu kilikuwa kinaanguka kifuani, na kikianguka hewa inaziba. Halima aliligundua hilo kabla hatujatoka mjini. Aliweka kiganja chini ya kidevu changu akakiinua. Hakukiondoa mpaka Nairobi. Mkono ukichoka alibadilisha wa pili. Hatukujuana, dini yake si yangu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo kuliko changu.

"Lala, mama," alisema. "Kichwa mimi nimeshika."

Nimesali makanisani maisha yangu yote, lakini nikiulizwa rehema ni nini nakumbuka kiganja hicho, kilichonuka karafuu na mafuta ya dizeli.

Hospitali kubwa tulifika alasiri, nikiwa vibaya kabisa, na ndiyo bahati yangu. Daktari alikuwa kijana. Hakunigusa vidole. Alimgeukia Mutinda akauliza, "Asubuhi huwa vipi, na jioni huwa vipi?" Miaka minne, na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza swali hilo. Kisha akaniambia ninyooshe mikono mbele niishikilie. Ilishuka kabla hajamaliza kusema. Akaniambia nitazame dari. Kope zikashuka kama pazia.

Akanidunga sindano mkononi, taratibu, muuguzi akiangalia saa. Sijui nieleze vipi. Kope zilipanda zenyewe. Daktari wawili wakawa mmoja. Nikavuta pumzi ikaenda mpaka chini. Mutinda akaniita jina langu, "Mumbua?" kwa sauti ya kuogopa, na nikamjibu, "Niko hapa," na sauti ilikuwa yangu, ile ya kuimbia, niliyodhani imeshazikwa. Baada ya dakika chache ikaondoka tena. Ilikuwa sindano ya kupimia tu, haikai. Lakini watu watatu walikuwa wameona.

Nililazwa na bomba la hewa puani mpaka homa na ile kwinini vikaisha mwilini. Nilipoweza kusikiliza, daktari akaketi kitandani. Alikuwa Mkamba wa upande wa Machakos.

"Mama, huko kwenu kuna mwethya?"

Nikamwambia ipo, lakini mimi sipo ndani yake.

"Sawa. Sasa mishipa yako ya fahamu iko kama kiongozi wa mwethya. Inapiga filimbi, misuli inatoka kazi. Kwa msuli kuna vitu vidogo sana, tunaita vipokezi, ni kama masikio ya wale wanawake. Filimbi yako haina shida. Shida ni masikio. Mwili wako wenyewe unayaziba na kuyaharibu. Wale wachache wanasikia, wanatoka, wanachoka haraka."

"Nani amewaziba?"

"Askari wa mwili wako. Wamekosea adui. Hata wakubwa wetu wamejua hivyo juzi juzi tu."

"Na hizi tembe mlizonipa zinafungua masikio?"

"Hapana. Zinafanya mlio wa filimbi usipotee haraka, ukae hewani kidogo. Hao wachache wasikie vizuri."

Nililielewa hilo kuliko mahubiri yoyote. Nikauliza kama nitapona. Akasema nitaishi. Nilimpenda kwa kutonidanganya, na nikamchukia siku hiyo hiyo.

Nilirudi mlimani na mfuko wa tembe. Mwaitu alinikuta natafuna mahindi.

"Ungesema," akaniambia.

"Nilisema, Mwaitu."

"Ungesema kwa nguvu."

"Kwa nguvu zipi?"

Akatoka nje kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Kuanzia siku hiyo alinikatia nyama vipande vidogo vidogo kabla ya kunipa, na hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Kioko hakuomba msamaha. Mwisho wa mwezi alileta saa ya mezani yenye kengele, akaiweka karibu na kitanda, akaitegesha saa za tembe moja baada ya nyingine, akaniuliza kama mlio unatosha. Nikamwambia unatosha. Wanaume wengine msamaha wao una kengele. Nimeupokea hivyo, sina mwingine.

Msidhani tembe ni sukari. Tumbo linakatika, mate yanajaa, nyama za kope zinacheza zenyewe. Ukimeza chache unaanguka, ukizidisha unaanguka vilevile, kwa hiyo usijiongezee bila daktari. Meza mapema kabla ya chakula ili koo liwe limeamka. Kazi ngumu ifanye asubuhi. Jua kali likimbie. Tembe zilipoadimika Mutinda alizitafuta Nairobi, zikaja na lori la Mzee Hassan mpaka Mwingi, na kutoka Mwingi kwa mkono wa yeyote aliyekuwa anakuja huku. Hakuna iliyowahi kupotea. Kuna misimu niliyozikosa, na misimu hiyo ninaijua kwa mashamba ambayo hayakulimwa.

Mwaka wa pili wa tembe, Syombua alikuja na wanawake wawili. Walikuwa wamebeba jembe langu. Mpini ulikuwa mpya, na bamba la chuma limelika mpaka nusu. Walikuwa wamelitumia miaka yote hiyo. Wakasema kikundi kimekaa, kimeona nirudi, nitafanya kazi ya asubuhi tu. Wakataka tuombe.

"Kabla ya kuomba," nikasema, "nyoosheni mikono mbele. Msishushe mpaka niseme."

Walitazamana, wakanyoosha. Kuku walipita. Mikono ya Syombua ilianza kutetemeka, lakini haikushuka, na haingeshuka, kwa sababu masikio yake yote ni mazima.

"Yangu inashuka kabla hujahesabu ishirini," nikamwambia. "Ugonjwa wote ni huo. Sasa wimbo wenu mtaufanya nini?"

Syombua alishusha mikono bila ruhusa yangu. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Mama Mwende, wimbo ukishatoka unarudishwa wapi?"

Alisema kweli, na kwa sababu ni kweli sijaweza kumsamehe. Tuliomba. Jembe nikalipokea. Siku ya mwethya natoka na wenzangu filimbi ikilia, saa nne narudi nyumbani, hakuna anayeuliza. Lakini wimbo umebaki. Wanauimba wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa. Hawajui ulikuwa wa nani, kwao ni wimbo wa mvivu yeyote.

Siku hizi sisi ni wilaya ya Makueni, barabara imeboreshwa, Mwende wangu ana watoto. Hivi karibuni niliusikia tena, akiimbiwa Ndinda, mke mpya wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa ameketi kwenye mtaro, kichwa magotini. Alasiri nikamwita kwangu, maana nilijua saa ya kuita.

"Nyoosha mikono mbele."

Akanyoosha. Nikahesabu ishirini, hamsini, mia. Haikushuka. Nikamwambia atazame dari, kope zikakaa palepale. Nikamwambia ahesabu kwa sauti, sauti ikabaki sauti.

Nitasema kweli, nilimkasirikia. Nilitaka awe na ugonjwa wangu, nimshike mkono nimpeleke mbele ya Syombua, nimwambie, tazama, tena. Hakuwa nao. Mikono yake ilikuwa bado iko mbele, akisubiri ruhusa.

"Kwa hiyo, mama, ni kweli?" akauliza. "Mimi ni mvivu tu?"

Kila jibu lililonijia mdomoni lilikuwa limeshasemwa kwangu. Nimemhesabia na kumpima kama yule daktari wa asubuhi, na nilikuwa karibu kumwambia hana kitu.

"Shusha mikono," nikamwambia. "Unasikia vipi?"

"Nimechoka. Kila siku nimechoka."

Kengele ya saa ya Kioko ikalia. Nikameza tembe ya saa kumi, nikachukua leso yangu na kumwambia achukue yake, twende hospitali.

"Na wakisema sina kitu?"

"Tutarudi kesho asubuhi," nikasema. "Wakisema tena, tutarudi jioni."